Farasi Wasiokwenda Popote: Siku Tano, Köln hadi Versailles

Alhamisi, 1 Agosti 2024. Köln

Mama mwenye nyumba wangu ana miaka 72 na amepanda farasi tangu utotoni mpaka nyonga ilipomkatalia. Yeye na dada yake walinunua tiketi za Olimpiki zamani, siku mbili za mwisho za dresaji, mchezo wa farasi kufanya miendo kwa amri ya mpanda, kule Versailles. Wiki iliyopita dada mtu akateleza bafuni, kifundo cha mguu kikavunjika. Juzi mama akanigongea mlango.

"Wewe si umekulia na punda?"

Nikamwambia nimekulia Lamu, kwetu punda ndiye lori, ndiye teksi, na wakati mwingine ndiye jirani. Akasema basi hiyo inatosha, fungasha nguo.

Jioni hii amenikalisha jikoni kwake nisome kabla ya safari. Ametandaza taulo la kupangusia vyombo mezani: huo ndio uwanja. Wa kweli una mita 60 kwa 20, umezungushiwa kijiukuta kifupi ambacho hata mbuzi angekivuka. Pembezoni kuna herufi, na herufi hazifuatani. Ukiingilia mlangoni na kuzunguka ni A, K, E, H, C, M, B, F, na nyingine nne zimechomekwa katikati ya hizo. Nilipouliza nani alizipanga hivyo, aliinua mabega tu, akasema watu wameuliza miaka na miaka. Watoto wa Kijerumani wana sentensi yao ya kuzikariri. Mimi nilijitungia yangu palepale: Ali Kampa Eshe Halua, Chai, Mkate, Biskuti, Faluda. Mama hakuelewa neno hata moja ila aliandika pembeni ya gazeti lake.

Majaji ni 7, nao wanakaa kwenye herufi zote hizo nane isipokuwa A, maana A ndio mlango. Kwa hiyo kila mtu anakula ila Ali. Kila jaji anatoa alama 0 mpaka 10 kwa kila tendo, na nusu inaruhusiwa. Sita ni ya kuridhisha, nane ni nzuri, kumi ni kitu cha kusimulia. Matendo magumu alama zake huzidishwa mara mbili. Mwishowe zote zinageuzwa asilimia, na anayefika 80 ameshaingia kwenye meza ya wakubwa.

Kisha miendo. Ni mitatu: hatua, halafu ule wa kati ambao miguu inapiga viwili viwili mshazari, halafu shoti. Ule wa kati mzee wetu, ami, angeuita telki bila kufikiri mara mbili. Nimefurahi kugundua kwamba maneno ya kazi hii ninayo tayari: hatamu, lijamu, tandiko, telki, shoti. Yote yamelala tu, tangu farasi waadimike pwani yetu wakabaki punda.

Usiku nimempigia ami kumuaga.

"Mwakwenda kutazama mbio?"

"La, ami. Farasi wanacheza. Wanatembea upande, wanazunguka, wanapiga kwata papo hapo bila kusogea."

Kimya. Kisha: "Na mzigo wao ni nini?"

"Mtu mmoja, ami. Kavaa koti lenye mkia."

"Na wanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniombea safari njema.

Ijumaa, 2 Agosti. Njiani

Treni nyekundu kutoka Köln mpaka Paris, saa tatu na kitu. Mama amebeba mkate wa jibini, chupa ya chai, na darubini ndogo ya marehemu mumewe. Karibu na Brussels akanisimulia kisa ambacho sitakisahau.

Zamani dresaji ya Olimpiki ilikuwa ya maafisa wa jeshi peke yao. Ndiko ilikotoka: farasi wa vita alihitaji kusimama kwa ghafla, kugeuka juu ya miguu yake ya nyuma, kwenda upande bila kumpa adui mgongo. Mwaka 1948, London, timu ya Sweden ilishinda dhahabu. Baadaye ikabainika kwamba mmoja wao, Gehnäll Persson, cheo chake halisi kilikuwa cha chini. Walikuwa wamempandisha kwa ajili ya michezo tu, ilipokwisha wakamrudisha alikotoka. Mwaka uliofuata timu nzima ikanyang'anywa medali, dhahabu ikaenda Ufaransa. Farasi walewale, alama zilezile, ila mtu mmoja hakuwa na nyota begani.

Aibu hiyo ilisaidia kufungua mlango. Helsinki 1952 waliruhusiwa wasio maafisa, na wanawake pia. Persson alirudi na Sweden ikachukua dhahabu ya timu, safari hii bila mtu wa kuidai. Na mwaka huohuo Lis Hartel wa Denmark, mwanamke ambaye polio ilimwacha bila nguvu chini ya magoti, na ambaye alilazimika kusaidiwa kupanda na kushuka, alichukua fedha juu ya farasi wake Jubilee mbele ya wanaume wenye magwanda.

"Chini ya magoti hakuwa na nguvu," nikamuuliza mama, "sasa farasi alikuwa akimwambia kwa nini?"

"Kwa kiuno na mgongo. Hapo ndipo utajua kwamba kupiga teke si lugha."

Nikaona ni mahali pa kumuuliza jambo lililokuwa likizunguka kwenye simu za watu wote. Siku 3 kabla ya ufunguzi, Charlotte Dujardin wa Uingereza, mwenye medali 6 za Olimpiki, alijitoa kwa sababu ya video ya miaka ya nyuma inayomwonyesha akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi, mara nyingi, katika somo la mazoezi. Mama aligeuza uso dirishani. Alisema hataki kulizungumza mpaka ameshakula. Alipomaliza kula alisema hivi: mchezo mzima ni kuonyesha kwamba farasi anafanya kwa hiari, na kama huko nyumbani ni fimbo, basi tunachokitazama uwanjani ni uongo uliopigwa brashi ukang'aa.

Nami nikamweleza kwetu. Tangu 1987 kuna hospitali ya punda Lamu, hapo karibu na ufukwe, ilianzishwa na shirika la hisani la Waingereza. Wanatibu bure vidonda vya shogi, ile mifuko ya mizigo mgongoni, na vya kwato, na wametufundisha vizazi viwili kutowachapa. Ami mwenyewe aliwahi kukemewa mbele ya watu kwa bakora aliyomtia punda wake, na hajasahau mpaka leo. Mama alicheka hadi machozi, kisha akaacha kucheka.

Paris tumefika mchana. Joto, umati, bendera. Chumba chetu ni kidogo kiasi kwamba mmoja akifungua sanduku mwingine lazima apande kitandani.

Jumamosi, 3 Agosti. Versailles, siku ya timu

Treni mpaka mji wa Versailles, halafu miguu, na miguu ni mingi. Uwanja wameujenga ndani ya bustani za kasri, kule mbali, mwisho wa mfereji mkubwa. Ukikaa jukwaani unaona kasri lenyewe kwa umbali kama picha iliyobandikwa. Mama kwa nyonga yake alitembea bila kulalamika, jambo ambalo si kawaida yake.

Leo ni timu 10 zilizofuzu, watu watatu kila timu, na alama za wote watatu zinahesabiwa. Hakuna ya kutupa. Mmoja akiharibu, wote wameharibu. Hata Marekani wameshatoka tangu raundi ya mwanzo kwa sababu farasi wao mmoja alionekana na damu mguuni. Damu hata tone, kengele inalia, mnatoka nje.

Nitasema kweli: farasi watano wa mwanzo sikuona kitu. Farasi anaingia, anasimama, mtu anasalimu, wanazunguka kwa dakika kadhaa, wanasalimu tena, watu wanapiga makofi. Ubaoni inatoka 71, inatoka 74, nami sijui tofauti iko wapi. Nilianza kufikiria chakula.

Mama akanipa darubini. "Umekuwa ukimtazama mpanda," akasema. "Muache. Tazama masikio, mdomo na mkia."

Na hapo, kama mtu aliyewashiwa taa, nikaanza kuona. Hayo ninayajua! Mtoto yeyote wa Langoni, mtaa wa Lamu, anajua kwamba punda akilaza masikio nyuma umpishe njia, na mkia ukichapa bila nzi kuwepo kuna mahali panamuuma au pana jambo limemchosha. Farasi wa sita alikuwa akifanya kila kitu, na kila alipoguswa kisigino mkia wake ulichapa, paa. Nikamnong'oneza mama, "Huyu hataki." Ubao ukashuka palepale. Mama akanitazama kama mwalimu ambaye mtoto wa nyuma kabisa darasani amenyoosha mkono.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Ile wanayoiita piafe ni kwata ya papo hapo: telki bila kwenda mbele, hatua 12 mpaka 15, mguu wa mbele na wa nyuma wa mshazari vikiinuka pamoja. Mbaya ni ile ambayo farasi anajivuta tu, miguu ya nyuma inakwama mchangani na ya mbele inaparura. Nzuri, matako yanashuka kama mtu anayetaka kukaa kigodani, mgongo unapanda, na mbele kunakuwa kwepesi. Tulikaa karibu vya kutosha nikaona jasho likichirizika chini ya tandiko na povu jeupe mdomoni, na nikasikia pumzi. Uwanja wote umenyamaza, watu elfu na maelfu, na unasikia pumzi ya mnyama mmoja, hff, hff, ikienda sawa na kwato.

Pasaji ni telki ileile ila kila hatua inaning'inia hewani kidogo kabla ya kushuka. Halafu kuna kwenda mshazari huku mwili umekunjwa kuelekea anakokwenda, miguu ikipishana kama mikono ya mshona mkeka. Na kuna kubadilisha mguu katika shoti: kwanza kila hatua mbili, mara 9, kisha kila hatua, mara 15 mfululizo. Farasi anaonekana kama mtoto anayerukaruka njiani akitoka madrasa. Nilihesabu kwa vifundo vya vidole kama tasbihi. Mmoja alifika 14 akakosea. Nilikuwa sina uhakika kama ni mimi au yeye, mpaka jukwaa zima lilipotoa sauti ya "oo" kwa pamoja.

Kitu kinachoumiza ni kwamba mpanda aliye bora hafanyi lolote linaloonekana. Kazi yote imefichwa. Unalipa tiketi, unasafiri nchi mbili, unakwenda kutazama mtu aliyekaa kimya.

Waingereza walimwita Becky Moody kuziba nafasi ya Dujardin, na alikuja na Jagerbomb, farasi aliyemzalisha mwenyewe nyumbani. Mama alisimama kumpigia makofi kabla hata sijajua ni nani. Cathrine Laudrup-Dufour wa Denmark na farasi wake aitwaye Freestyle walipata 81.216, na kwa macho yangu mapya yule farasi alikuwa mwenye raha kuliko wote wa siku hiyo. Masikio mbele, kama anasikiliza hadithi.

Ila timu ni watu watatu. Mwisho wa hesabu Ujerumani 235.790, Denmark 235.669, Uingereza 232.492. Pengo la dhahabu na fedha ni 0.121. Mama alinifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya mkate: majaji saba wakiongeza kila mmoja nusu alama kwenye tendo moja tu la kuzidishwa mara mbili, kwa farasi mmoja tu wa Denmark, dhahabu inahama. Alikuwa Mjerumani aliyeshinda na bado alinung'unika njia nzima kwamba Freestyle alistahili zaidi kwenye piafe ya pili.

Jumapili, 4 Agosti. Versailles, siku ya muziki

Nimeamka miguu imevimba. Mama ameamka mapema kuliko mimi na amevaa hereni.

Leo kila mtu peke yake, 18 waliobaki, na kila mmoja amejitungia mpangilio wake na muziki wake. Matendo ya lazima yapo, ila unayaweka unapotaka, na ukitaka kujipa tabu zaidi unazawadiwa: piafe inayozunguka, hatamu mkono mmoja. Majaji wanatoa alama za ufundi na alama za usanii. Nilidhani itakuwa sarakasi. Si sarakasi. Ugumu uko kwenye kwato kutua juu ya mdundo, na farasi hajui mdundo. Mpanda ndiye anayemshika na kumwachia kidogo kidogo ili ionekane kama mnyama anasikia ngoma. Mtu aliyekulia kwenye kirumbizi na zumari hadanganyiki kirahisi kwenye jambo hili. Wawili watatu walikuwa nyuma ya mdundo kama mgeni harusini, na nilifurahi kuona majaji nao wamesikia.

Nami nikafanya kituko changu. Mmoja wa mwanzo mwanzo alimaliza vizuri mno, akasimama, akasalimu, hatamu zikalegea, watu wakalipuka kwa makofi, na mimi bila kujua nikapiga kigelegele. Cha harusi, kirefu. Safu tatu za mbele ziligeuka. Mama alinifinya paja. Farasi, aliyekuwa anatoka kwa hatua zake za polepole, aligeuza sikio moja upande wetu, moja tu, akaenda zake. Mzee mmoja Mfaransa nyuma yetu akaniomba nirudie kwa ajili ya mjukuu wake. Nilikataa.

Kisha wakubwa. Charlotte Fry wa Uingereza alikuja na Glamourdale, dume jeusi tii, bingwa wa dunia wa 2022. Shoti yake siwezi kuieleza vizuri: alipoachiwa kwenye mstari mrefu, kila hatua ilikuwa kama jahazi linapopanda wimbi, pua juu, kisha linateleza. Jukwaa lilitoa pumzi. 88.971.

Isabell Werth wa Ujerumani ana miaka 55. Farasi wake Wendy alifika kwake mapema mwaka huuhuu, miezi tu. Mama anasema wengine huchukua miaka miwili kujuana. Mimi niliwatazama nikaona kama watu waliooana juzi na tayari wanamalizia sentensi za wenzao. 89.614, na ilimtosha kuchukua fedha. Sasa ana medali 14 za Olimpiki, 8 za dhahabu.

Jessica von Bredow-Werndl, naye wa Ujerumani, na Dalera ndio walioshinda Tokyo, timu na binafsi. Dalera ni jike la miaka 17, bibi kwa hesabu za farasi wa mashindano. Nilimtazama mkia mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umening'inia, unayumba kushoto na kulia kwa mwendo wa mgongo wake, kama pazia kwenye dirisha lililo wazi. Katika kutoka pasaji kuingia piafe na kurudi pasaji tena hakukuwa na mshono. Nilijaribu kuona ni wapi anaambiwa. Mikono haikusogea. Miguu, labda. Labda kiuno. Mama alikuwa ameshika mkono wangu na sidhani alijua kwamba ameushika.

90.093.

Jukwaani pale juu walisimama wanawake watatu. Huu ndio mchezo wa Olimpiki ambao wanaume na wanawake wanapambana bila kutenganishwa, na mpaka miaka 72 iliyopita mlango ulikuwa umefungwa kwa wanawake. Miaka 72, umri wa mama mwenye nyumba. Nilipomtajia alisema anajua, alizaliwa mwaka wa Lis Hartel, na kwa nini nadhani alinisimulia kisa kile kwenye treni?

Wapo niliowaona na mdomo wazi, ukivutwa na lijamu mbili za chuma walizovalishwa pamoja, na shingo imekunjwa mpaka kidevu kinakaribia kifua. Walipata alama nilizoona ni nyingi kuliko haki yao. Mama alikubali kuhusu mmoja, kuhusu mwingine tukabishana mpaka kituo cha treni. Sijui vitabu vinasemaje, lakini mdomo nimeuona.

Jumatatu, 5 Agosti. Treni ya kurudi

Mama amelala tangu tulipoondoka, darubini shingoni.

Jana usiku nilimtumia ami kipande cha piafe nilichokiokota mtandaoni, na maelezo marefu ya sauti: matako yashuke, masikio yawe mbele, mkia utulie. Leo asubuhi nimekuta majibu matatu. La kwanza anauliza farasi kama yule anauzwa bei gani. La pili, kabla sijajibu la kwanza, anasema asiambiwe, pressure itapanda.

La tatu ni video. Kichochoro cha nyuma ya nyumba, maji ya mvua yametuama, na punda wake wa kijivu amesimama ukingoni na shogi mbili za mchanga, hataki kuvuka. Anainua mguu, anaurudisha. Anainua mwingine, anaurudisha. Palepale, haendi mbele wala nyuma. Sauti ya ami inasikika nyuma ya simu: "Haya, jaji, mpe alama."

Nimeirudia mara nne. Miguu inapishana sawasawa, hilo lazima nikiri. Lakini matako yako juu na masikio yamelala nyuma kabisa.

Nikamwandikia: nne.

"Nne kwa ngapi?" akauliza.

"Kwa kumi, ami. Na umpunguzie mchanga."